Nilitengeneza mabomba ya nyasi kilimani Butembo, jirani akaacha kunisalimia

Habari za humu ndani wakuu. Naandika nikiwa Butembo, kwa hiyo Kiswahili cha Kongo kikijipenyeza mtanivumilia. Haya yamenipata mwenyewe kiangazi hiki hiki, na sina sababu ya kuyaongezea chumvi.

Mimi ni mtu wa Beni. Mke wangu alipofariki, na watoto kila mmoja kashika njia yake, nikafunga nyumba nikapanda huku kutafuta kazi. Nikapata ya kutunza nyumba moja kubwa juu kabisa ya kilima.

Nyumba ina vyumba vingi na hakuna anayelala ndani. Bosi ni mfanyabiashara, kahamishia familia Kampala. Mimi nalala kwenye annexe, kijumba cha pembeni, na kazi yangu kubwa ni pelouse, yaani zile nyasi fupi za mapambo, zimeoteshwa kwenye mteremko mkali kutoka barazani hadi ukuta wa chini.

Wanaomwagilia sehemu tambarare hawajui raha yao. Huku kilimani ukifungua maji na kuyaacha, udongo hauyanywi, yanateremka yote na kubeba udongo mwekundu. Kwa hiyo unafungua kidogo, unafunga, unasubiri ardhi inywe, unafungua tena. Asubuhi nzima ni hivyo, na baridi ya Butembo mnaisikia kwa wenzenu tu. Mimi wa Beni nilikuwa navaa makoti mawili.

Sasa huko kusubiri ndiko kulikonipatia Mama Katungu.

Ni mama mzee, mjane, anakaa peke yake kwenye nyumba ya chini ya ukuta wetu. Tangi liko juu, na kila nikifunga vane, yaani koki kuu, maji yaliyobaki kwenye mabomba yalikuwa yanashuka yenyewe na kuvujia kwenye vimwagio vya chini. Yanapita tundu la ukuta, yanatokea kwake. Yeye anatega beseni.

Ukuta pale ni mfupi, unamfika kifuani. Nikishafunga nateremka, naegemea, tunaongea hadi ardhi ishibe.

"Mutu ya Beni, baridi haiyakuua tu?"

"Bado, Mama. Niko."

Siku moja akaziangalia zile nyasi kwa muda, akaniuliza, "Ngombe hapana kula, mbuzi hapana kula. Donc hii majani ni ya nini?"

"Ni ya kuangalia, Mama."

"Na mwenye kuangalia iko wapi?"

"Iko Kampala."

Wakuu, yule mama alicheka mpaka akaweka beseni chini. Nami nikacheka. Nilikuwa sijacheka tangu msiba, nawaambia ukweli.

Mengi hatukuongea. Ananiuliza nimekula nini, ananikemea nikisema chai tu. Ananieleza goti lake limeamkaje. Basi. Lakini nikishaongea naye, siku yangu ilikuwa imefunguka. Baada ya hapo hadi kesho yake naweza nisimsikie mtu mwingine akiniita.

Tatizo likaja kwa bosi. Huwa namtumia video za pelouse, naye anajibu kwa vocal, ujumbe wa sauti. Akaona chini kumegeuka tope, nyasi zinaoza, ukuta umeanza kunyonya maji. Akasema kama sijui kutengeneza, atatafuta anayejua.

Nikaja humu humu kuomba ushauri. Baadhi yenu mtakumbuka. Mkaniambia niweke clapet, kile kifaa kinachozuia maji yasishuke bomba likishafungwa. Mlinishauri vizuri kabisa, silaumu mtu.

Nikaweka kwenye kila kimwagio cha chini. Nikafungua, nikafunga, nikateremka kuangalia. Hata tone. Nilifurahi, nikapiga video, nikamtumia bosi.

Kesho yake asubuhi nikafunga vane nikashuka ukutani kama kawaida. Mama Katungu alitokea na beseni, akainama kwenye tundu, akangoja kidogo. Kisha akarudi ndani. Hakuniangalia.

Nikadhani hakuniona. Siku iliyofuata hakutoka kabisa. Na iliyofuata.

Mtaniuliza kwa nini sikuteremka kumwona. Mimi mgeni, mwanaume asiye na mke, naenda kubisha kwa mjane, nitasema nimefuata nini? Ukutani tulikuwa na sababu, yeye maji, mimi kazi. Huko kwake sikuwa na sababu. Basi nikawa nafungua, nafunga, nasimama pale peke yangu nikingoja ardhi inywe. Sikujua kama kusubiri kule ni kurefu hivyo. Nyasi zikapendeza, mimi nikakonda.

Jumapili nikavumilia nikashindwa. Nikajaza maji bidon, yaani dumu, nikapata sababu, nikashuka.

Nikakuta mafurushi mlangoni. Binti yake Masika kapanda kutoka Beni kumchukua. Mama amekaa kwenye kiti, kavaa kitenge cha safari. Akaiona ile bidon.

"Sasa unaniletea mayi?"

"Mama, nilikuwa nimetengeneza tiyo ya mayi tu. Ilikuwa inaharibisha ukuta ya patron."

"Mais haukusema. Kwetu, mutu akikufungia mayi bila kusema, ni kukuambia hamujuane tena. Nikasema, mutu ya Beni amechoka na miye."

Nikamwambia nitakuwa namletea maji kila asubuhi, beseni hata mbili. Akatikisa kichwa.

"Borne iko hapa nyuma ya nyumba. Mayi hapana ndiyo nilikuwa nafwata."

Nikageuka, kweli, bomba la watu wote liko pale, hatua chache kutoka mlango wake wa nyuma. Kutoka juu halionekani.

Masika akadakia akiwa anafunga godoro. "Siku zote namuombaka tushuke Beni, anakatala. Anasemaka, nani atasalimia ule mutu kule juu, iko ye moya? Juzi ameniita ye mwenyewe, ati nikuye kumubeba."

Nilitaka kumwambia abaki. Lakini namwambia abaki kama nani?

Gari lilikuwa linangoja barabarani. Nikabeba godoro, yeye akapanda pole pole akishika mkono wangu. Alipokaa akaniambia nisinywe chai tupu. Gari likaondoka kwenda mji ule ule nilioukimbia mimi.

Jioni bosi akatuma vocal: "Courage, papa. Sasa pelouse iko propre, safi kabisa." Sikumjibu hadi leo.

Nilichojifunza ni hiki. Clapet wekeni, kwenye mteremko hamna njia nyingine. Ila kabla hujaziba maji yanayofika kwa jirani, teremka ukamwambie kwa mdomo wako. Maneno matatu tu yangetosha, nami sikuyasema kwa sababu niliona ni habari ya mabomba.

Wenye ujuzi wa mabomba karibuni mnikosoe. Lakini zaidi nataka kuwasikia mnaotunza nyumba za watu na kukaa peke yenu. Asubuhi mkiamka, nyie mnamsalimia nani?