Taya la Nguruwe na Mlango wa Stoo

Mwaka huo mkate ulirudi. Sitautaja kwa namba, maana mimi na namba hatujawahi kuelewana. Nautaja kwa tumbo. Ulikuwa umetangulia unga wa njano, ule wa msaada, ugali wake ukikwaruza koo kama umemeza gunia, na foleni za sukari ambazo mtu aliacha jiwe lake kwenye mstari ili limshikie nafasi. Halafu mpaka wa Kenya pale Tarakea ukafunguka. Mkate wa slesi ukaja ndani ya karatasi inayong'aa, majarini ikaja kwenye kopo, mchele wa Mabogini ukaacha kuwa chakula cha Krismasi peke yake. Na chupa za siki zikaja pia, ingawa huku kwetu Rombo hapakuwa na mtu aliyejua siki inaliwa na nini. Sisi nyumbani tuliyanywesha mawe.

Wiki iliyopita nilikuwa kwa mwanangu Deo, Moshi mjini. Mkwe wangu akamimina siki kwenye birika lililoshika ukoko mweupe. Ukoko ukaanza kuchemka bila moto, tsss, mapovu madogo madogo, na ile harufu ikanipanda puani mpaka machozi yakanitoka. Nikageuka kuutazama mlango. Sikuamua kuutazama, shingo iligeuka yenyewe. Ngojeni niwaeleze kwa nini.

Baba Mkubwa Melkiori, kaka wa marehemu baba yangu, alikuwa na kazi ambayo hakuna mwingine mlimani kwetu aliyekuwa nayo. Miaka mingi aliishi kwenye mahema huko nyikani, akichimba mifupa pamoja na wataalamu: mifupa ya wanyama waliokufa zamani sana mpaka ikageuka mawe. Alipochoka mahema alirudi kwenye kihamba chake, kwenye migomba yake na kahawa yake, na wataalamu wakamfuata na landrova. Wakawa wanamletea mabonge ya chokaa yenye mifupa ndani, yeye anaisafisha nyumbani, wao wanakuja kuichukua. Karakana yake ilikuwa stoo ya kahawa nyuma ya nyumba. Mlikuwa na meza moja nzito, mabeseni, trei ya mchanga wa kulazia vipande visiyumbe, spoki za baiskeli zilizonolewa, shazia ya kushonea magunia, miswaki iliyokwisha, na miiba ya nungunungu kwa mahali ambapo chuma kingeumiza.

Mimi na mama tuliishi kwenye kona ya kihamba hicho hicho. Mama alikuwa mjane, akifanya biashara Tarakea, analala huko na kurudi anapopata lori. Siki yote ya Baba Mkubwa aliileta yeye. Kwa hiyo mama yangu mwenyewe ndiye aliyekuwa akibeba, chupa kwa chupa, kile kilichonifungia ndani. Hakujua. Na mimi sikujua.

Nilianza kwa kuitwa kufukuza kuku wasiingie stoo. Baadaye nikaitwa kumwaga maji machafu. Halafu siku moja Baba Mkubwa akaniwekea spoki mkononi, akasema, "Skola, hapo pana jino. Litoe, lakini lenyewe lisijue kama umelitoa." Nikalitoa. Sijisifu. Au hapana, najisifu, nina umri wa kujisifu: mkono wangu ulikuwa umetulia kama maji ya mtungini, na macho yangu mpaka leo yanatunga uzi kwenye sindano wakati vijana wanatafuta miwani. Ningekuwa na mikono ya kuangusha vyombo, ningebaki darasani na wenzangu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Bonge unalilaza kwenye siki iliyochanganywa na maji. Siki inaila chokaa taratibu na kuuacha mfupa. Unatoa, unaosha, unaosha tena, unaanika, unachokonoa kwa spoki, unapulizia vumbi, unarudisha kwenye siki. Ukiliacha lilale kupita kiasi, siki ikimaliza chokaa inaanza kula na meno. Na usipojua kama ulichoshika ni mfupa au ni jiwe tu, unalamba. Mfupa wa zamani unanasa ulimi, jiwe linateleza. Baba Mkubwa alilamba kila kitu. Alichukua kipande, akakipitisha ukucha, akakiweka ulimini, akafumba macho, akasema "taya" au akasema "takataka", na hakukosea. Nilidhani huo ndio ufundi wenyewe. Nikawa na mimi nafumba macho.

Sasa mlango. Akiwa ndani na mimi aliufunga kwa ndani. Akitoka aliufunga kwa nje, na mimi nikabaki. Ufunguo ulikaa shingoni mwake pamoja na rozari. "Hii mali ya serikali," alikuwa akisema. "Jino moja likipotea, ni mimi nitakayelala ndani." Basi nikawa nalala ndani mimi mchana kutwa kwa niaba yake.

Mwanzoni ilikuwa baada ya shule. Ndipo likaja bonge kubwa kuliko yote, na ndani yake taya la nguruwe. Nguruwe mkubwa kama ndama, Baba Mkubwa alisema, aliyekufa kabla mlima wetu haujawa mlima. Mama Mkubwa Yustina, mke wake, alilitazama mara moja akasema, "Nguruwe wote huo na hakuna aliyeonja hata mguu," akarudi jikoni. Kwa ajili ya huyo nguruwe ikawa si baada ya shule tena, ikawa badala ya shule. "Kazi ikiisha utarudi," akaniambia Baba Mkubwa. Nilikuwa darasa la tano.

Stoo ile ilinuka maganda ya kahawa, chokaa na siki. Harufu ikaingia kwenye nywele, kwenye kucha, kwenye sketi. Dirisha lilikuwa moja, la wavu wa chuma, nalo liliniachia kipande kidogo cha kilele cha Mawenzi na kipande cha njia. Mchana wenzangu walipita pale wakitoka shule, wakiimba hesabu za kuzidisha kwa sauti ya kukejeli mwalimu. Na mimi niliimba nao kutoka ndani, spoki mkononi. Wakati mwingine walinijibu, "Skola wa mifupa, umekufa lini?" na mimi nikawatukana vizuri sana. Ila ikafika siku walipita wakiimba hesabu ambazo sikuzijua. Nilifungua mdomo na hakuna kilichotoka. Hiyo siku sikuwatukana.

Siku ya mkate Baba Mkubwa alikwenda na majirani kwenye mazishi upande wa Usseri, akanifungia. Nikasikia sauti ya mama uani. "Skola! We Skola, njoo uone!" Dereva wa lori alikuwa amemkubalia ashuke dakika chache tu. Nikamjibu kutoka ndani. Akauvuta mlango, haukufunguka. Mama Mkubwa akamwambia kwamba ufunguo uko shingoni kwa mwenyewe, na mwenyewe yuko msibani. Mama akazunguka akaja dirishani na mkate wa slesi, wa kwanza ambao ningekula maishani. Slesi haikupita kwenye wavu. Akaikata nusu, haikupita. Basi akaanza kuimega makombo na kuyasukuma kwa kidole, na mimi nikaweka mdomo upande huu. Tulicheka. "Kuku wangu," akasema, "kukukuku!" Na mimi nikalia kama kuku, akazidi kucheka. Halafu lori likapiga honi barabarani. Mama aliacha kucheka kama mtu aliyemwagiwa maji. Akakitazama kile kidole chake kwenye wavu, akanitazama mimi.

"Nitaongea na shemeji," alisema.

Hakuongea, na nilijua hataongea. Tulikuwa kwenye kihamba cha shemeji. Nikabaki na makombo kidevuni, harufu ya mkate imechanganyika na ya siki. Mpaka leo mkate wa slesi kwangu una uchachu, hata uwe na siagi.

Kesho yake asubuhi nilikaa juu ya gogo nje ya stoo. Taya lilikuwa ndani, limelala kwenye siki tangu jana yake, na muda wa kulitoa ulikuwa umefika. Baba Mkubwa akafungua, akaniita. Sikunyanyuka.

"Shikamoo Baba Mkubwa," nikasema, maana sikuwa mtoto asiye na adabu. "Mlango ukifungwa, sifanyi."

"Unasemaje?"

"Mlango ukifungwa, sifanyi."

Akasema maneno mengi. Kwamba tangu lini mtoto wa kike akawapangia wazee milango, kwamba mama yangu ameniletea tabia za sokoni. Mama Mkubwa akaniashiria kwa kijiko cha mbao kwamba nitapigwa. Sikuwa na neno lingine. Hilo moja ndilo nililokuwa nalo. Akaingia mwenyewe. Nikasikia maji, nikasikia beseni likiburuzwa, halafu kitu kikaangukia meza na kuvunjika. Akatoka na kipande cha jino kiganjani. Akakilamba. Nikaona uso wake ukizeeka hapo hapo.

Akateremka mpaka mpakani mwa kihamba, kule ilikopandwa miisale. Wachaga wenzangu mnalijua jani hilo. Wengine niwaambie kwamba kwetu mtu akikuletea jani la isale lililofungwa fundo, amekuja kuomba msamaha, na hata kama alikuumiza vipi huwezi kumfukuza. Linapelekwa na mkosaji kwa aliyekosewa, mara nyingi kijana kwa mzee. Sikuwahi kuona mzee akimpelekea mtoto. Alikuja nalo mikono miwili, akasimama mbele ya gogo langu. Mama Mkubwa akajishika kichwa, akamwita mumewe kwa jina la mtoto wao. "Baba Firmini! Kwa mtoto?"

"Kwa aliyekosewa," akasema.

Nikasimama nikalipokea. Nikasema nimesamehe, na nilisamehe kweli, siyo kwa mdomo. Nikaingia stoo, nikazamisha mikono kwenye beseni, nikalishika lile taya, mali ya watu. Yeye akaingia nyuma yangu, na mkono wake, kwa mazoea tu, ukaenda kwenye mlango.

Nikaitoa mikono majini. "Mlango ukifungwa, sifanyi."

Mkono wake ukabaki kwenye komeo. Labda alidhani jani limelipia na mlango. Halafu akatoka, akarudi akiburuza jiwe la kunolea mapanga, akaliegemeza kwenye mlango uliokuwa wazi. Jua likaingia mpaka mezani. Kuku nao wakaingia.

Wataalamu walipokuja walinikuta hivyo, mlango wazi, nimeinama juu ya trei, nguruwe wangu ametoka na meno yake yote isipokuwa lile moja nililokuwa nikilibandika kwa gundi. Mmoja akauliza nani amesafisha. Baba Mkubwa alikuwa na nafasi ya kunituma jikoni na kujibu anavyotaka. Akasema, "Mikono ni ya mtoto huyu. Ulimi ni wangu." Walicheka, wakadhani ni utani wa wazee. Mmoja hakucheka, akaniuliza nasoma wapi, na saa hizo kwa nini siko huko. Walichukua taya wakaondoka, na mabonge mengine hayakuja tena.

Nilirudi shule. Nikawekwa na watoto wadogo, magoti yangu hayaingii chini ya dawati, nikavumilia kidogo nikaacha. Kwa hiyo hayo maandishi yangu mnayoyasoma ni ya darasa la tano, na halikumalizika.

Kilichobaki nilikuja kukielewa nikiwa mtu mzima, kwenye matanga ya Baba Mkubwa. Tulikuwa tunamenya ndizi za mtori, Mama Mkubwa akasema tu, bila kuinua kichwa, kwamba mumewe alirudi kutoka mahemani macho yameshakufa. Jua na vumbi la huko viliyamaliza. Alitembea kihamba chake kwa miguu iliyokariri njia, alinitambua mimi kwa kukohoa, na kipande cha jiwe alikilamba kwa sababu hakuwa na njia nyingine. Kisu kikanisimama mkononi. Basi hakuwa akilinda mawe ya serikali. Aliogopa mtu apite, achungulie, aone kwamba fundi ni kipofu na kazi ni ya mtoto. Kumbe mle ndani tuliofungiwa tulikuwa wawili. Watatu, ukimhesabu nguruwe, na wa kwanza kutoka alikuwa nguruwe. Nilimlilia mzee wangu siku hiyo kuliko siku ya kuzikwa kwake. Lakini machozi hayo hayakunirudishia darasa.

Sasa Deo. Mwanangu amejenga vizuri, namsifu kwa watu: vigae, geti la chuma, nondo kila dirisha. Aliniomba nikae kwake nimlee mjukuu wangu Anjela, mtoto mwenye paji la uso kama langu na kelele kama zangu. Asubuhi yeye na mkewe wanakwenda kazini, wanapiga kufuli geti kwa nje kwa ajili ya wezi, na mimi na mtoto tunabaki ndani kama mitungi ya gesi. Nilivumilia mpaka siku ya lile birika. Jioni alipofungua nilikuwa nimesimama getini na mfuko wangu, nikapanda gari la Rombo.

Jumapili amekuja. Mkewe amepanda miisale kwenye vyungu, kwao ni maua ya kupamba baraza. Deo amekata jani moja, amelifunga fundo vibaya, amenishikia kwa mikono miwili huku Anjela akinirukia magotini. "Mama, nisamehe, turudi. Mjini huwezi kuacha geti wazi, Mama, unajua."

Nimelipokea jani. Nimemsamehe, na mjukuu wangu nimembeba. Nimemwambia nitamlea mpaka aote meno yote na kuyang'oa, kwake au hapa kwangu, achague yeye.

Mlango ukifungwa, sifanyi.