Mifupa ya Ng'ombe wa Nani

Nikicheka ugenini, watu wanajua natoka upande wa Meru. Meno yangu yana rangi ya chai kavu. Nimeyazoea, asiyeyapenda aangalie pembeni. Kilichonitisha ni magoti ya mtoto wa marehemu mdogo wangu, anayelelewa na mama kijijini, chini ya Nkoaranga. Kila nilipopanda kutoka Lemara, mjini ninakoishi, kuwasalimia alikimbia kunipokea, "Shikamoo mama mkubwa," na kila safari niliona miguu imepinda zaidi. Bibi yangu alizikwa akiwa amejikunja hivyohivyo. Fundi alilazimika kumtengenezea jeneza la kina kirefu.

Na maji yanayotufanyia hivyo ukiyaona, jamani, huwezi kuamini. Yanatoka kwenye chemchemi meupe, ya baridi, matamu, hayana tope wala harufu. Daktari alituambia yana madini ya floraidi, yanaingia kwenye meno na mifupa ya mtoto taratibu, na kuyachemsha hakusaidii kitu. Mtoto aanze maji safi sasa, alisema, akichelewa hatanyooka tena.

Nikampelekea mama ndoo ya kuchujia inayotengenezwa na kikundi cha akina mama wa usharika. Ndani imejaa chenga nyeusi za mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kwenye tanuru. Mfupa ule unanasa yale madini kabla hayajafika kwenye wako. Nilieleza yote hayo kwa mbwembwe, nikidhani atanishukuru.

"Mifupa ya ng'ombe wa nani?" akauliza.

Sikujua. Nikasema ya machinjioni. Mama akaendelea kumenya ndizi.

Safari iliyofuata nikakuta ndoo imegeuziwa ukutani na mtoto bado anakunywa ya chemchemi. Nilipandwa na hasira, nikamfokea mama yangu mzazi. Alinisikiliza mpaka nikachoka, kisha akasema nimemletea ndani ya nyumba mgeni asiyemjua, ng'ombe wa watu, na jioni ukungu ukishuka mlimani anamsikia akitafuna humo ndooni. Nilitaka kucheka. Lakini ukungu ulishuka kweli, migomba ikapotea mlangoni, nikatega sikio. Nikasikia tone. Kimya. Tone jingine, halafu sauti ya kumeza.

"Anacheua," mtoto akasema, hata hakuinua kichwa kwenye mchezo wake.

Haki ya Mungu, niliogopa ndoo ya plastiki.

Haukupita muda, ng'ombe wa mama akateleza kwenye njia ya mtelemko akavunjika mguu. Ndiye aliyemkuza yule mtoto kwa maziwa yake baada ya mdogo wangu kufariki. Ikabidi achinjwe. Mama aligawa nyama kwa majirani bila kuonja, lakini mifupa akaizuia yote. Aliianika, akaipeleka mwenyewe kwenye tanuru la kikundi, akasimama pale kwenye moshi mpaka ikatoka nyeusi, akaangalia ikipondwa. Wenzake walimtania kwamba analinda maiti.

Aliporudi alimwaga zile chenga za mgeni chini ya mgomba, akajaza zake, akaigeuza ndoo itazame mlango.

Jioni hiyo nilikuwepo. Ukungu ulishuka, na kutafuna kukaanza kama kawaida: tone, kimya, kumeza. Safari hii mama alitikisa kichwa kama anayeitikia salamu, akakinga kikombe, akampa mtoto. Mtoto alikunywa nusu, akamnyooshea bibi yake iliyobaki. Mama akaisukuma taratibu.

"Maliza wewe, mjukuu wangu. Mimi nilimnywa akiwa hai."

Miguu haijanyooka, ila haijapinda zaidi. Mwezi uliopita lilimwota jino la mbele la ukubwani, jeupe kabisa. Mama alimshika kidevu akaliangalia, akaenda kusimama mbele ya zizi tupu, akalia.