Rangi Zilirudi kwa Sauti

Macho ya Fundi yalipoanza kuzima, rangi hazikuondoka zote pamoja. Zilimuaga moja moja, kama wageni wanaosita mlangoni. Buluu ilitangulia, ikajichanganya na nyeusi. Kijani ikafifia, ikawa vumbi. Nyekundu ilikaa mpaka mwisho, ikining'inia pembeni mwa jicho kama kitambaa kilichosahauliwa kwenye kamba, kisha asubuhi moja nayo haikuwepo. Tangu hapo aliziona ndotoni tu: marobota ya vitambaa yakijifungua yenyewe, yakimwagika sakafuni, yakimfunika miguu.

Mumewe hakungoja hata nyekundu iondoke. Alisema anakwenda kutafuta kazi. Kazi aliipata, na mke mwingine akampata hukohuko, mwenye macho yake mawili. Fundi akabaki kwa wakwe na cherehani ya kukanyaga kwa miguu, aliyopewa na mama yake siku anaolewa. Mtoto hakujaliwa, kwa hiyo hakuna aliyemwita mama fulani. Aliitwa Fundi, basi.

Kushona hakuacha. Mikono ilijua njia. Kidole cha shahada kilitangulia sindano kikipapasa, na pindo likienda upande alilijua kabla halijafika mbali. Kitu kimoja tu kiliishinda mikono: rangi ya uzi. Kwa anayepapasa, uzi mweupe na mweusi ni mapacha. Hapo ndipo alipomtegemea wifi yake, dada wa mumewe, aliyekaa nyumba hiyohiyo.

"Wifi, nipe mweupe."

"Haya shika, wifi yangu kipenzi."

Kipenzi! Siku nesi wa zahanati alipokuja kuchukua sare yake nyeupe, aliitandaza uani, akapiga ukelele.

"Fundi! Umenishonea au umenichinja?"

Mshono wote ulikuwa mwekundu, kuanzia kola hadi pindo. Wanawake waliokuwa wakifua waliacha kufua wakacheka mpaka wakashikana mabega. Fundi alisimama katikati na mkasi mkononi.

"Wifi, si ulinipa mweupe?"

"Mimi? Ulijichukulia mwenyewe kwenye mkebe, wifi. Jamani, mwenzetu, pole."

Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda chake akichambua mchele. Fundi alisikia punje zikidondoka kwenye ungo, tiki, tiki, tiki.

Baada ya hapo wateja walipita mlango ule kama hawaujui. Na wifi akaanza maneno ya kuzunguka: cherehani inaota kutu, kuna watu wenye macho wangeweza kuitumia, nyumba ni moja, mali ni moja. Mama mkwe akajibu kwamba mwezi ukiisha watalizungumza. Fundi alielewa. Bila cherehani angekuwa mtu wa kusogezwa pembeni na kupewa chakula, kama mzigo uliosahauliwa na mwenyewe.

Ndipo alipoibeba simu yake, ile ya kioo kitupu isiyo na hata kitufe cha kupapasa, akaipeleka kwa Bwana Waya ainunue kwa bei apendayo, apate walau senti zake mwenyewe. Bwana Waya alitengeneza simu na redio kwenye kibanda cha kona. Miguu yake haikuwahi kumbeba. Alitembelea baiskeli ya magurudumu matatu aliyoinyonga kwa mikono, na mdomo wake ulikimbia kwa niaba ya miguu.

"Unaniuzia simu nzima? Ina ugonjwa gani?"

"Haina. Mimi ndiye mgonjwa. Siioni."

"Aa, hii haijafa, Fundi. Imefungwa mdomo tu." Akabonyeza hapa na pale, na sauti ya mwanamke ikatoka kwenye kioo, tulivu, kama ya mtu aliyekuwa amelala chumba cha pili. Ikasema saa. Ikasema leo ni siku gani.

Fundi alishika meza. "Umemtia nani humo?"

"Sijamtia mtu. Yumo tangu uliponunua. Hakuna aliyekuambia?"

Hakuna aliyemwambia. Miaka yote ile mtu alikuwa humo amenyamaza, na wenye macho wangapi waliishika simu ile wakairudisha mezani!

Bwana Waya akamwongezea na programu ya kutaja rangi. "Elekeza jicho lake kwenye kitu, gusa hapa. Ila umpe mwanga. Gizani huyu naye ni kipofu mwenzako."

"Afadhali. Tutaelewana."

Akarudi nyumbani polepole, akiiuliza njia. Kahawia, ikasema simu, ulikuwa ukuta. Kijani; jani likamgusa shavu. Aliinyanyua juu ya kichwa, ikasema buluu, na Fundi akasimama palepale barabarani. Buluu, ya kwanza kumuaga, ndiyo hiyo imerudi bila kubisha hodi. Ilimshuka kichwani, ikamjaa kifuani, akawa kama anaelea ndani yake. Mtu akapiga kengele ya baiskeli nyuma yake. Hakusogea. Alipofika chumbani, mlango wazi, akaielekeza kwenye nywele zake. Kijivu.

"Muongo wewe," akaiambia, akacheka peke yake.

Siku kadhaa, kila wifi alipotoka, alizitumia kwenye mkebe wa nyuzi, akikaa kizingitini penye mwanga, akiuliza uzi mmoja mmoja na kuusikiliza kama mtu anayeamkiana na ndugu. Kisha akaufunika mkebe, asimwambie mtu.

Mwezi ulipoisha, wifi alikuja chumbani na kamba ya kufungia cherehani. Mama mkwe akafuata na kigoda chake.

"Mama," Fundi akasema, "kabla haijabebwa, nikushonee gauni moja. Kile kitambaa chako cheupe cha bafta nimeshakikata. Wifi, nipe mweupe."

Mkebe ukafunguliwa. Vidole vikapekua nyuzi, halafu uzi mmoja ukawekwa kiganjani mwake.

"Haya shika, wifi yangu."

Fundi hakukaa kwenye cherehani. Aliinuka akaenda kizingitini, akatoa simu, akagusa.

Nyekundu, ikasema ile sauti, taratibu, bila ugomvi na mtu.

"Kidude hicho kinaropoka!" wifi akasema.

"Huenda. Mama, wewe una macho. Huu ni uzi gani?"

Hapakuwa na ungo wa kujifichia. Mama mkwe alikohoa, akajitengeneza kwenye kigoda.

"Mwekundu," akasema mwishowe.

"Na siku ya nesi?"

"Nilimwona akikupa." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nikasema, wataelewana wenyewe."

Fundi alikuwa ameyaandaa maneno ya siku hiyo kwa muda mrefu, makali, yenye miiba. Yalipofika mdomoni aliyaona mazito mno kuyabeba mbele ya watu wawili wenye macho mazima. Akauliza moja tu.

"Cherehani inakaa wapi, mama?"

"Inakaa hapohapo. Ni yako, mwanangu. Na wewe, rudisha kamba ya watu."

Hakuna aliyemwomba radhi. Hilo Fundi alilijua, na hakulingoja. Aliisogeza cherehani hadi karibu na mlango, akajichagulia uzi, akaupa mwanga. Nyeupe. Akakanyaga. Gurudumu likaanza kuimba, na bafta ikapita chini ya vidole vyake, ndefu, laini, haina mwisho. Marobota ya ndotoni yakaanza kujifungua mchana kweupe, na kila moja lililomwagika lilitaja rangi yake kwa ile sauti tulivu.

Alipokuwa anakunja pindo, hatua zikasimama mlangoni. Alizijua.

"Wifi," sauti ikasema, tamu kama zamani, "nina sketi yangu imefumuka kidogo..."

Fundi hakuacha kukanyaga.

"Ilete. Na uzi uje nao. Nitauuliza mwenyewe."