Nilimwambia Achemshe Tu

Mimi ni mwenye nyumba, na nimekosa. Naficha jina kwa sababu majirani zangu husoma, na aibu yenyewe bado mbichi. Usinihurumie, tafadhali. Nisikilize tu, na kama una mpango wa kupangisha nyumba, basi sikiliza mara mbili.

Flati yangu iko pembeni mwa Rhonda, hapa Nakuru. Si kubwa. Ni ghorofa moja juu ya nyingine, na mimi naishi chini, karibu na geti. Marehemu mume wangu aliweka msingi akiwa bado anafanya kazi ya mbao kule Elburgon, akafa kabla ya kuona paa. Nikamalizia mwenyewe kwa jasho na kwa mikopo ya chama. Siku mabati ya mwisho yalipopigwa misumari nililia kama mtoto. Nikajiambia, leo na mimi ni landlord!

Mtu akimaliza kujenga ndipo washauri huzaliwa. Usikubali mbwa! Andika mkataba! Usizoeane na wapangaji, watakupanda kichwani! Wenye nyumba wenzangu walinifundisha kila ujanja wa kujikinga na mpangaji. Hakuna hata mmoja aliyenifundisha jinsi ya kumkinga mpangaji na mimi.

Sasa njoo kwa maji. Maji ya mfereji huku kwetu huja yanapojisikia. Kwa hivyo niliunganisha flati na kisima kirefu cha jirani, nikatundika bango getini: NYUMBA ZA KUPANGISHA, MAJI SAA ZOTE. Nililipenda bango hilo kuliko hata rangi ya ukuta.

Lakini kuna jambo ambalo mtu aliyelelewa Bonde la Ufa hahitaji kuambiwa. Visima vingi huku vina floraidi nyingi. Huioni, huinusi, na maji ni matamu tu. Ila mtoto akiyanywa tangu utotoni, meno yake ya ukubwani hutoka na madoa ya kahawia. Unaweza kuyasugua mpaka ufizi utoe damu, hayatakati. Na kuchemsha hakusaidii hata chembe!

Hayo sikuyasoma popote. Yako mdomoni mwangu. Nimelelewa Kamere, pale kando ya Ziwa Naivasha, kwa maji ya kisima, na shuleni wenzangu waliniita Kutu. Nilijifunza kucheka nimeziba mdomo kwa kiganja. Katika picha za harusi yangu, bibi harusi amenuna kuliko mtu aliyefiwa.

Baada ya mzee kufariki, meno yangu ya juu ya mbele yalivunjikavunjika, yakang'olewa, nikawekewa ya bandia. Meupe pe! Ya chini yalibaki yale yale, lakini mdomo wangu wa chini ni mnene na huyaficha vizuri. Ukinitazama ningali nimesimama, hujui lolote.

Kwa hivyo nilijua, na ndiyo maana niliweka tangi la maji ya mvua kando ya nyumba, kubwa na jeusi, nikalitia kufuli. Chai yangu na uji wangu vilitoka humo. Wapangaji walikuwa na kisima chao. Maji yale yangetosha flati nzima kunywa, maana mvua ya huku si haba. Lakini mwenzangu mmoja alikuwa ameniambia, "Ukiwafungulia hiyo tanki, kesho watafua blanketi nayo. Mpangaji hana shukrani." Nikaona huyo ana akili. Mjinga mimi!

Mpangaji wangu wa kwanza alikuwa Mama Nekesa, fundi wa kushona nguo kutoka upande wa Bungoma. Alikuja na mtoto wake mgongoni, hata kutembea bado. Kabla hajaingiza godoro alifungua bomba la jikoni, akakinga maji kwa kiganja, akayatazama.

"Mama, hii maji ni ya kunywa?"

Swali rahisi kabisa. Na jibu nilikuwa nalo, lilikuwa limekaa mdomoni mwangu tangu nikiwa msichana! Lakini nilitazama mizigo yake pale mlangoni, nikafikiria nyumba ikikaa tupu, nikasema, "Chemsha tu. Itakuwa sawa."

Na alichemsha! Mungu wangu, yule mwanamke alichemsha. Kila jioni ukipita mlangoni pake utasikia sufuria ikitokota. Akishapoza, anamimina kwenye jagi na kulifunika kwa kitambaa alichokishona mwenyewe. Nilikuwa naona kitambaa kile na kugeuza uso.

Siku moja kisima kiliharibika pampu. Akaja kwangu na jagi lake. "Mama, nisaidie na maji kidogo ya tanki, ya mtoto."

"Hiyo ni ya maua," nikamjibu. "Imejaa uchafu ya paa."

Akarudi na jagi tupu. Nami jioni ile, ili nisionekane mwongo, nikachota ndoo ya mvua nikamwagilia maua! Unaona mtu anavyoweza kuwa mpumbavu?

Nekesa akakua. Akaanza kuniita Shosho, yaani bibi, bila kufundishwa na mtu. Akitoka shule anapitia kwangu kwanza, anatupa begi kwenye kochi, anauliza nimepika nini. Chai aliyokunywa kwangu ilikuwa ya mvua, na nilijidanganya kwamba kikombe kile kimoja kinanipunguzia dhambi. Nilimpenda mtoto yule. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Nilimpenda, na bado nikanyamaza.

Jino lake la kwanza lilipong'oka aliniletea kwa shangwe. Tukalitupa pamoja juu ya mabati yangu, kama tulivyofanya sisi tukiwa wadogo, tukaomba lije jipya zuri. Akaruka ruka pale uani akipiga makofi. Mimi nilijua tayari litakuja jino gani.

Likaja na madoa. La pili pia. La tatu pia.

Mama Nekesa alidhani ni peremende. Akapiga marufuku peremende. Akajaribu chumvi, akajaribu makaa. Asubuhi nilimsikia mtoto akilia dirishani juu yangu, na mama yake akimkemea, "Sugua! Wewe ni mvivu! Sugua vizuri!" Nilikuwa naweza kupanda ngazi zile na kusema neno moja. Ngazi ni fupi! Nikafungulia redio.

Halafu Nekesa akaacha kucheka ovyo. Akaanza kuweka kiganja mdomoni. Kiganja kile kile, kwa namna ile ile. Nani alimfundisha? Hakuna. Mtoto mwenye meno kama yetu hujifunza mwenyewe.

Jumamosi moja mchana tulikuwa uani. Mama Nekesa alikuwa anaanika nguo, na mimi nimekaa kwenye kigoda nikimenya njegere, Nekesa miguuni pangu akinisaidia na kunilia nusu. Ghafla akasimama, akashika kiuno, akaanza kuniigiza ninavyowapigia wapangaji kelele: "Fungeni geti! Kwani hapa ni soko ya mbuzi?"

Alinipata! Sauti yangu, shingo yangu, kila kitu. Nilicheka mpaka nikarusha kichwa nyuma, mdomo wazi. Nilisahau kujiziba.

Alikuwa karibu nami, ananitazama. Macho yakamtoka.

"Shosho! Na wewe uko nazo!"

Akanishika mdomo wa chini kwa vidole vyake vidogo, akaushusha, akachungulia. Sijawahi kumwona mtoto amefurahi hivyo. Kiganja kilikuwa kimemtoka mdomoni, anacheka meno yote nje. "Mathe, kuja uone! Shosho ako na meno kama yangu! Mimi ni kama Shosho!"

Mama yake akaja na kibanio cha nguo mkononi. Akanitazama mdomo. Nilikuwa nimekwisha kuufunga, lakini kuufunga kwangu kulisema yote.

"Mama," akasema polepole, "wewe ulikulia wapi?"

"Kamere."

"Na huko mlikuwa mnakunywa maji gani?"

"Ya kisima."

Akageuka akatazama tangi. Akatazama kufuli. Kisha akanirudia.

"Nilikuuliza," akasema. "Siku ya kwanza, hata sijaingiza godoro, nilikuuliza."

"Niliogopa utaenda."

"Singeenda! Ningenunua ya mtungi. Ningekinga ya mvua hata na beseni. Nilikuwa nataka kujua tu!" Akamwonyesha Nekesa kwa kile kibanio. "Mimi nimechapa huyu mtoto, mama. Nimemchapa nikisema ni mchafu."

Heri angenitukana! Maneno yale sikuwa na pa kuyaweka. Nekesa alikuwa bado anatabasamu, anatutazama mmoja mmoja, hajui kwa nini hakuna anayecheka naye.

Nililifungua tangi saa ile ile. Hakuja mtu kuchota. Mwisho wa mwezi Mama Nekesa alihama. Alikuwa hana deni langu hata la senti. Alifagia nyumba, akapiga deki, akaniwekea funguo mkononi bila kunitazama. Nekesa alinipungia kwa mkono mmoja kutoka kwenye pikapu, na mwingine ameuweka mdomoni.

Habari zikaenea, wengine wakahama pia. Wana haki! Lakini kinachonichoma ni wenye nyumba wenzangu. Nilipowaeleza kwenye kikao chetu, mmoja akacheka. "Na wewe ulifungulia mdomo nini? Sisi sote tuna visima, umesikia nani akilia?" Nilinyanyuka nikatoka kwenye kile kikao, na sijarudi.

Siku hizi maji ya tangi yana bomba getini, na kila mpangaji anachota ya kunywa na kupika. Mvua ikikawia, tunanunua, na nusu ya gharama ni yangu. Mtu akija kuona nyumba, simwonyeshi chumba kwanza. Natoa meno ya bandia, nashusha mdomo, namwambia, "Kisima ni cha kufua na kuoga. Kikinywewa na mtoto, kinafanya hivi." Wengine hukimbia hadi barabarani! Nyumba ya Mama Nekesa bado ni tupu. Wacha ikae.

Nilimpigia Mama Nekesa simu juzi. Aliyepokea ni Nekesa.

"Shosho, na wewe walikuwa wanakucheka shule?"

"Walinicheka sana."

"Ulikuwa unalia?"

"Nililia, mjukuu wangu."

Halafu akauliza, bila hasira yoyote, kama mtu anayeuliza njia: "Sasa mbona hukutuambia?"

Nikasema mtandao ni mbaya. Nikakata simu. Hata baada ya yote hayo, nikamdanganya tena!

Wewe unayepaka rangi flati yako ya kwanza leo, watakufundisha mengi kuhusu mikataba na makufuli. Yafuate ukipenda. Lakini atakuja mtu na mtoto mgongoni, atafungua bomba lako, atakinga kiganja na kukuuliza. Mwambie! Kama kuna unachokijua, mwambie kabla godoro halijapita mlangoni, hata kama ataondoka na kukuachia nyumba tupu. Nyumba tupu hupata mtu mwingine.