Kesho Jua Litawaka

Mwezi wa Desemba, ukimuuliza wifi yangu Talosaga kesho hali ya hewa itakuwaje, atakujibu neno moja tu: mvua. Hata kama mbingu ni nyeupe pe. Wageni hutazamana, wakabeba mabegi yao na kuja kwangu, maana vibanda vyangu vya kulaza wageni na vyake viko ufuo mmoja. Kijiji kinasema amechanganyikiwa. Wanaosema hivyo wananiudhi, kwa sababu mimi nilikuwepo.

Zamani alijibu kama sisi wote. Hapa Samoa mgeni hanyimwi kitu. Akiuliza kama shelisheli limeiva, limeiva. Akiuliza kama basi linakuja, linakuja. Akitaka jua unampa jua, hata kama unaiona mvua inavuka mlima. Na Desemba, joto linapoanza, ni mwezi mwongo: asubuhi bahari imetulia kama maji ya karai, alasiri inakugeuka.

Mwaka ule vibanda vya Talosaga vilikuwa na wageni wawili tu, mke na mume kutoka Nyuzilandi. Walitaka kwenda kwenye kisiwa kilicho nje ya mwamba. Tulikuwa tumekaa tukinywa kakao. Nyigu walikuwa wamejenga chini kabisa, kwenye mguu wa benchi, na sisi tunajua maana yake: dhoruba iko njiani.

"Kesho jua litawaka?" akauliza yule mama mgeni.

"Litawaka, dada. Jua tupu," akajibu Talosaga. "Mume wangu atawapeleka."

Mumewe ni Lafaele, kaka yangu. Nilimwona akiwatazama nyigu, kisha akimtazama mkewe. Angeweza kukataa. Lakini amwaibishe mbele ya wageni? Akacheka.

"Mke wangu ameshaongea na Mungu. Mimi ni nani nibishe?"

Tukacheka wote. Nami nikanywa kakao yangu.

Wakaondoka asubuhi kwa mtumbwi wa Lafaele, bahari ikiwa shwari. Saa tisa kaskazini pakawa peusi. Saa kumi mawimbi yalikuwa yanapanda juu ya mwamba, na Talosaga amesimama ufuoni na taulo kavu tatu mkononi, zinalowa.

"Wifi, amechelewa tu, sivyo? Niambie."

"Amechelewa tu," nikamwambia. Hata hapo nilimpa jibu alilolitaka.

Jioni baragumu la sala likalia. Wakati huo hakuna anayekanyaga nje, na vijana hukaa barabarani kuhakikisha. Tulipofika katikati ya wimbo Talosaga akainuka, akatoka mbio kuelekea kwa mzee mwenye boti ya injini. Kijana wa zamu akamzuia.

"Mama, rudi ndani! Ni sala!"

"Nitozeni faini! Nitozeni nguruwe kumi! Lafaele yuko baharini!"

Kijana akatutazama sisi tulioketi ndani ya nyumba isiyo na kuta, akainamisha kichwa, akampisha. Sijawahi kuona jambo kama hilo kijijini kwetu.

Boti ikawapata wageni wamefungwa kamba kwenye sanduku la barafu, wanaelea, wako hai. Lafaele ndiye aliyewafunga. Kisha akaogelea kuufuata mtumbwi uliokuwa unachukuliwa na maji, na hakuonekana tena, si usiku ule, si mpaka leo.

Yule mama mgeni alitaka kutufariji, maskini, hakujua anatuchoma. Alisema Lafaele hakuonyesha hofu hata kidogo. Alipokuwa anakaza fundo alimwambia, "Usijali dada, sasa hivi jua litatoka." Talosaga aliposikia hayo alikaa chini, akajifunika uso kwa zile taulo.

Ni miaka minne sasa. Yeye anasema mvua. Mimi, Mungu anisamehe, bado nasema jua. Jana wasichana wanne walitoka kwake wamenuna, wakaja kuniuliza kama wanaweza kwenda kuogelea kwenye mwamba. Talosaga alikuwa anafagia mbele ya kibanda chake. Akaacha kufagia, akanitazama.

Nilitaka kusema sijui. Naapa nilitaka.

"Nendeni tu, wanangu," nikasema. "Jua tupu."

Talosaga akaweka ufagio chini. Akaja akakaa mchangani mbele yangu, amenipa mgongo, akawakodolea macho wale wasichana majini mpaka wa mwisho alipotoka. Afadhali angenitukana.