Ua la Kuhama

Nilipokuwa bado mtoto wa kutumwa maji, kijijini Burungu, Koko, mama yake mama, hakukubali ua fulani la njano lichanue karibu na nyumba. Huota lenyewe mvua zikianza, hutoa mbegu nyeusi zenye meno mawili zinazong'ang'ania nguo, kisha hufa. Watu walisema linawahamisha wenye nyumba. Alinifunza kulitambua likiwa changa, maana liko jingine la kufanana nalo.

"Bingirisha shina mu vidole," aliniambia. "Kama inakatala, iko na kona ine, njo yenyewe. Ngoa!" Shina lenye pembe nne halibingiriki, la lile jingine ni la mviringo.

Msimu mmoja likatuponyoka nyuma ya choo, likakomaa. Haukupita muda risasi zikalia, tukakimbilia kambini karibu na Goma. Mama alisema ni vita tu. Koko alisema vita nayo iko na mlango wa kuingilia.

Kambini hakutulia. Asubuhi anafunga mzigo, jioni anaufungua. Kufa hakukumtisha, alichoogopa ni kuzikwa kwenye mawe yale meusi, mbali na mume wake. Siku moja, akifua sweta niliyokimbia nayo, aliona mbegu zimenasa kwenye mkono wa sweta. Akazibandua. Nilidhani anazipeleka motoni, kumbe anachimba kando ya kibanda chetu cha turubai.

Mama akapiga kelele. "Mama, si njo ile ua inafukuzaka bantu?"

"Njo ile," Koko akajibu. "Kule ilitufukuza kwetu. Hapa hatuko kwetu. Itufukuze!"

Nilicheka, kisha nikaogopa. Tulilinyeshea maji tuliyoyapangia foleni, huku mama akinung'unika. Lilipochanua na kufa, nasi tungali palepale, Koko akapanda mbegu zake, na mvua iliyofuata akapanda tena. Hilo la mwisho halijachanua bado, njia ya Burungu ikatulia, tukarudi. Koko hakuingia hata ndani. Alitafuta jembe kwanza, akang'oa kila ua la njano uwanjani, akitukana. Miaka ilipita kabla hatujamzika, kando ya mume wake.

Leo niko Kashebere, nauza mawese barabarani, kwa kuwa Burungu kumechafuka tena. Mimi ni mtu wa kanisa, najua wenye bunduki hawasikilizi maua. Lakini moyo wangu haukai, mzigo wangu nao haujafunguliwa wote. Majuzi mche umeota nyuma ya chumba ninachopanga, na mama mwenye nyumba ameniomba niung'oe kabla ya maua.

Nimebingirisha shina. Limekataa. Kila asubuhi, kabla hajaamka, nalinyeshea maji.