Mandari ya Kukaa Kitako

Mama yangu hakuwahi kupenda mandari. Akiona watu wamebeba masufuria ya pilau na mikeka wanakwenda kula ufukweni, anauliza kwani nyumbani kwao hakuna sakafu. Kwa hiyo aliposema Jumapili tunakwenda Wambaa, yeye, mimi na mdogo wangu, nilijua pana jambo. Mdogo wangu hakujua kitu. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na kwake bahari ni bahari tu.

Mimi nilikuwa nimefika umri ambao mtaani kwetu Madungu hawakuulizi tena utaolewa lini, wanakuuliza afya. Nilikuwa nashona sare za shule nyumbani na nina wateja wangu, lakini nilitaka kuolewa. Sitojifanya mwanamke aliyeridhika na cherehani. Nilitaka mlango wangu, jiko langu, na mtu wa kugombana naye ambaye si mama. Na mtu alikuwepo: karani mmoja wa Mkoani aliyefiwa na mkewe. Alioneshwa picha yangu kwenye simu, akasema inshallah. Kilichobaki ni mama yake anione kwa macho.

Picha ile nilipigwa nimekaa. Picha zangu zote nimekaa. Nilianguka mkarafuu utotoni, mfupa ukaungwa kombo, na mguu wa kushoto ukabaki mfupi kuliko mwenzake. Nikitembea nachechemea, tena si kidogo. Madungu wanajua, Mkoani hawakujua, na mama alitaka wasijue mpaka ndoa iwe imeshafungwa.

"Tuwambie," nilimnong'oneza ndani ya gari la kukodi. "Kama watakataa, wakatae mapema."

"Weye kaa kitako tu," akanijibu. "Nguu hauonekani ntu akiwa kakaa. Akishakuoa atauona, na akishauona atauzowea. Mie babako nlimzowea na mengi."

Mama yungali hai, na akisikia nimeyaandika haya atasema mguu ulikuwa wangu lakini aibu ilikuwa yake. Na aseme.

Tulikwenda kwenye mkahawa wa makuti ulio mchangani kabisa, wa mama mmoja mjane. Kwenye ubao wa mlangoni ameandika kwa rangi nyekundu: Familia Karibuni, Pombe Marufuku, Kuoga kwa Nguo za Heshima. Siku za mapumziko watu wa mjini Chake wanakwenda huko na watoto wao. Wanapewa mkeka, wanaagiza pweza na chipsi na juisi ya ukwaju, na watoto wana bembea za matairi. Ni pahala pazuri. Nasema hivyo kwa haki tu, maana sijarudi tena.

Mama alichagua mkeka ulio mbali na watu, akanikalisha, akanikunja miguu upande na kuifunika kanga, akanipanga vizuri kama sahani ya wageni. Kisha akanikataza kunywa.

"Ukinywa utataka chooni," akasema, "na chooni huendi."

Jua lilikuwa kali. Mdogo wangu alishaingia majini na dera lake, anacheka peke yake na mawimbi. Mama akaagiza juisi ya ukwaju yenye barafu, akainywa yote pembeni yangu, akaitafuna na barafu. Nilimchukia, tena kwa moyo mmoja.

Wageni wakaja: mama wa yule karani na dada mkubwa wa karani mwenyewe, wanawake wanene, wasafi, wananukia udi. Mama akainuka akashangaa, loo, na nyinyi mpo huku? Nao wakashangaa. Ndivyo inavyofanywa kwetu. Hakuna anayekuja kumtazama mtoto wa mtu, watu wanakutana tu.

Sasa, kwetu mdogo hamwamkii mkubwa huku amekaa. Anainuka, anaushika mkono, anaubusu, ndipo yanafuata mengine. Hata mtoto wa chuo cha Kurani anajua. Mimi nikabaki palepale mkekani na kuunyosha mkono juu kama ombaomba.

"Shikamoo, bi mkubwa."

Ilibidi yeye ndiye ainame, na magoti yake yalilia nikayasikia. "Marahaba," akasema, na sauti ilikuwa imeshapoa. Akageuka kwa mama. "Ntoto hajambo? Haumwi?"

"Hajambo, mzima kabisa!" mama akadakia. Hapo ndipo alipojifunga mwenyewe, maana mzima asiyeinuka ana jina moja tu.

Chakula kikaletwa, na birika na bakuli la kunawia vikawekwa mbele yangu, kwa kuwa mimi ndiye msichana. Sikunyanyuka. Mama akalinyakua birika akawanawisha wageni yeye mwenyewe, mtu mzima, mgongo umepinda, na mimi nimetulia kama niliyelipa kiingilio. Yule dada mtu akamtazama mwenzake.

"Makubwa," akasema taratibu, akijikausha mikono. "Bibi harusi kabla ya harusi."

Hapo damu ilinichemka. Kumbe walikuwa wananikataa, na wala si kwa mguu. Walikuwa wananikataa kwa kibri, ambacho sina na sijawahi kuwa nacho. Mguu ni wangu, nimeishi nao. Lakini kurudi Madungu nikiwa mwanamke asiye na adabu, la. Maji yalipohitajika tena, nikaitoa kanga miguuni, nikainuka, nikalichukua birika na kuuzunguka mkeka mpaka alipo yule bi mkubwa. Nilichechemea kama ninavyochechemea siku zote.

Mama akapiga kelele: "Nguu ushamfa ganzi! Kakaa sana, masikini, tangu asubuhi!"

Nyuso za wale wanawake zikafunguka. Walikuwa watu wema, na huo wema ndio ulioniua.

"Aa, kumbe ganzi! Ndo maana hakuinuka ntoto wa watu. Pole mwanangu." Dada mtu akaweka sahani chini. "Usikae tena, ganzi haitoki kwa kukaa. Hebu tembea, fika kwenye bembea pale, urudi."

Nikamtazama mama anitoe. Mama akatazama pweza.

"Tembea, mwanangu," akasema.

Nikatembea. Nikafika kwenye bembea nikarudi, na mkahawa mzima wananiangalia. "Ishatoka?" "Bado." "Rudi tena, kanyaga kwa nguvu." Nikarudi, nikakanyaga kwa nguvu. Watoto wakaziacha bembea. Kitoto kimoja cha kike kikanifuata nyuma, kikiuinua na kuushusha ubavu kama mimi, na mama yake akaficha kicheko ndani ya mtandio ndipo akakiita. Koo lilikuwa limenikauka hata kulia siwezi.

Niliporudi, dada mtu alipiga magoti mchangani ili anisugue. Alisugua kwa nguvu, anasoma bismillahi, mkono unapanda, mpaka ulipofika pale mfupa ulipoungwa. Hapo ukasimama. Akapapasa mara nyingine, polepole. Kisha akaniachia na kujifuta mchanga.

"Mtembezeni tena," mama akasema. "Itatoka tu."

"Haitoki," nikasema. "Bi mkubwa, nilianguka mkarafuu nikiwa mdogo. Ndio mwendo wangu huu."

Bi mkubwa hakukasirika. Bora angekasirika. Aliweka gilasi chini, akamwambia mama bila ya kunitazama mimi: "Mwanangu ana watoto wadogo, dada yangu. Anataka ntu wa kuwakimbilia."

Nikadhani mama atakunja mkeka, twende zetu. Hakukunja. Alitia mkono juu ya macho akatazama baharini.

"Nnaye mwengine," akasema. "Yule pale. Kamaliza fomu foo, hana ila hata moja." Akamwita kwa jina, kwa sauti kubwa.

Mdogo wangu akatoka majini mbio, anacheka.

"Usikimbie!" mama akamkemea. "Njoo taratibu. Tembea, mwanangu, tembea."

Akapunguza mwendo, akaja anatembea, hajui kitu. Wale wanawake wawili walikuwa wakimtazama miguu, na mama anamtazama miguu. Na mimi pia nikamtazama miguu.